Chimbuko la Madai Mawili Juu ya Palestina

Husemwa mara kwa mara kwamba ugomvi wa Wayahudi na Wapalestina ni wa tangu enzi za Manabii, na kwa hiyo hauna dawa. Usemi huo hauna ukweli. Dini na kumbukumbu za nchi hiyo zina umri wa maelfu ya miaka, lakini ugomvi wenyewe haujatimiza miaka mia mbili. Ulianza pale watu wa makundi mawili, kila moja likiwa na hoja yake ya haki, walipoitambua nchi moja kuwa ndiyo kwao, na dola ya tatu ikajitwalia mamlaka ya kuitolea ahadi.

Hoja ya Wayahudi ina mizizi katika historia ya kale. Walikuwa na falme zao katika nchi hiyo, na hekalu lao lilikuwa Yerusalemu. Hekalu la kwanza lilivunjwa na Wababeli mwaka 586 kabla ya Kristo, na la pili likateketezwa na Warumi mwaka 70 baada ya Kristo. Uasi wao wa mwisho ulipozimwa mwaka 135, walipigwa marufuku kuingia Yerusalemu. Wachache walibaki nchini, hasa Galilaya. Wengine walitawanyika duniani, lakini kizazi baada ya kizazi walisali wakiuelekea mji ule.

Kilichoigeuza sala hiyo kuwa siasa ni mateso ya Ulaya. Mfalme Alexander wa Pili wa Urusi alipouawa mwaka 1881, makundi ya watu yaliwavamia Wayahudi, yakapora na kuua. Mwaka uliofuata walowezi wa kwanza waliokimbia mateso hayo walianza kuwasili Palestina. Mwaka 1896 Theodor Herzl, mwandishi wa habari wa Vienna, alitoa kijitabu kilichodai dola ya Wayahudi, na mwaka 1897 mkutano mkuu wa kwanza wa Wazayuni ukafanyika mjini Basel, Uswisi.

Lakini Palestina haikuwa nchi tupu. Mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa na wakazi wapatao nusu milioni chini ya utawala wa Waturuki, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa Waarabu, Waislamu na Wakristo. Baadhi ya wazee wao walikuwapo hata kabla ya lugha ya Kiarabu na dini ya Kiislamu kuenea huko katika karne ya 7. Walilima ngano, walitunza mizeituni, na machungwa ya Jaffa yalisafirishwa hadi Ulaya. Hoja yao ni ya jembe na makaburi: hapa tumezaliwa, hapa wamezikwa babu zetu. Wapo wasemao kwamba Wapalestina hawakuwa na dola yao. Ni kweli, lakini mataifa mengi yaliyotawaliwa na wageni hayakuwa na dola, na hakuna anayesema kwamba kwa sababu hiyo hayakuwa na kwao. Mwaka 1911 gazeti liitwalo Falastin lilianzishwa Jaffa, nalo lilionya waziwazi juu ya mwendo wa mambo.

Mwendo huo ulianzia kwenye ardhi. Sheria ya Waturuki ya mwaka 1858 iliagiza ardhi iandikishwe. Wakulima wengi waliogopa kodi na kuingizwa jeshini, wakaacha mashamba yao yaandikwe kwa majina ya makabaila wa mijini. Baadaye makabaila hao, kama ukoo wa Sursock wa Beirut, waliyauza mabonde mazima kwa mashirika ya Kizayuni. Mnunuzi alikuwa na hati halali mkononi. Mkulima, ambaye baba na babu yake walilima pale pale, hakuwa na karatasi yoyote. Huo ndio mfarakano wa kwanza, na ulitangulia vita vyote.

Mwaka 1899 Yusuf al-Khalidi, aliyepata kuwa meya wa Yerusalemu, alipeleka barua iliyofikishwa kwa Herzl. Alikiri kwamba Wayahudi wana uhusiano wa kale na nchi hiyo, lakini alikumbusha kuwa ina wenyewe, akaomba Palestina iachwe kwa amani. Herzl alijibu kwamba wenyeji wangefaidika kwa mali na maarifa ya wageni. Swali la kama wenyeji wenyewe walikubali halikujibiwa.

Swali hilo hilo lilizuka Afrika Mashariki. Mwaka 1903, baada ya Wayahudi 49 kuuawa mjini Kishinev, serikali ya Uingereza, kwa rai ya Waziri wa Makoloni Joseph Chamberlain, iliwapendekezea Wazayuni eneo la kukaa katika himaya yake ya Afrika Mashariki. Mpango huo huitwa "Mpango wa Uganda", ingawa ardhi iliyokusudiwa ni nyanda za Uasin Gishu, ambazo leo zimo nchini Kenya. Herzl aliutaka uchunguzwe, na mkutano wa mwaka huo ukakubali kwa kura 295 dhidi ya 178. Wajumbe wengi wa Urusi waliupinga vikali, ingawa wao ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi. Kwao hakuna nchi ambayo ingechukua nafasi ya Yerusalemu. Mwaka 1905 mpango ulikataliwa.

Katika shauri hilo lote Wanandi na majirani zao hawakuulizwa. Mwaka huo huo wa 1905 Waingereza walimuua kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, na mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini wakaletwa kukaa Uasin Gishu. Walowezi walibadilika, desturi ya kugawa ardhi ya wengine haikubadilika.

Desturi hiyo ilirudi Palestina wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Katika barua za mwaka 1915 na 1916 Uingereza ilimwahidi Sharifu Hussein wa Makka uhuru wa Waarabu, na mipaka ya ahadi hiyo ikabishaniwa baadaye. Mwaka 1916 ilipatana kwa siri na Ufaransa kugawana nchi hizo. Tarehe 2 Novemba 1917, kabla jeshi lake halijaingia Yerusalemu, Waziri wa Mambo ya Nje, Arthur Balfour, aliahidi kusaidia kuundwa kwa makao ya taifa la Wayahudi huko Palestina. Waarabu walitajwa tu kama jumuiya zisizo za Kiyahudi, zenye haki za kiraia na za dini. Haki za siasa hazikutajwa.

Kama Tanganyika, Palestina iliwekwa chini ya Uingereza kwa idhini ya Shirikisho la Mataifa mwaka 1922. Hesabu ya watu ya mwaka huo ilionyesha Wayahudi wapatao 84,000 kati ya watu wapatao 750,000. Kisha Hitler akashika madaraka Ujerumani mwaka 1933, na nchi nyingi zikafunga milango. Wayahudi waliohamia Palestina wakaongezeka, na Waarabu wakaasi kuanzia mwaka 1936 hadi 1939. Baada ya Wanazi kuwaua Wayahudi milioni sita, hoja ya makao ikawa hoja ya uhai wenyewe. Novemba 1947 Umoja wa Mataifa ulipitisha mpango wa kuigawa nchi. Viongozi wa Wayahudi walikubali. Waarabu, waliokuwa theluthi mbili ya wakazi na kupewa chini ya nusu ya ardhi, walikataa. Israel ilitangazwa tarehe 14 Mei 1948, na katika vita vya miaka hiyo Wapalestina zaidi ya 700,000 walikimbia au walifukuzwa. Katika miaka iliyofuata, Wayahudi mamia ya maelfu nao waliziacha nchi za Kiarabu.

Hayo ndiyo yaliyo nyuma ya kila vita iliyofuata, ikiwamo ile iliyoanza tarehe 7 Oktoba 2023. Mateso ya Wayahudi ni ya kweli, lakini hayakusababishwa na mkulima wa Palestina. Haki ya mkulima huyo nayo ni ya kweli, na haifuti kumbukumbu ya Myahudi. Kosa la mwanzo lilikuwa kuamua bila kuwauliza waliokuwapo. Suluhu yoyote itakayolirudia kosa hilo, kwa upande wowote, itazaa vita nyingine.