Unataka kuanza kukusanya santuri? Anza na Mbaraka Mwinshehe

Vijana wengi wanaotaka kukusanya santuri, zile sahani nyeusi za wazee, huuliza: nianze na ipi? Jibu fupi: anza na mkusanyiko wa nyimbo bora za mwimbaji mmoja. Kwa Tanzania, mimi nakupa jina la marehemu Mbaraka Mwinshehe.

Kwa nini yeye? Jamaa alitamba na Morogoro Jazz, mwaka 1973 akaunda Super Volcano, na Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari Mombasa. Nyimbo zake nyingi zilitoka kwenye santuri ndogo za 45. Mara nyingi wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili: unasikiliza nusu, unageuza sahani, unamalizia. Kuzitafuta moja moja ni kazi ya miaka! Baada ya kifo chake Polygram ya Nairobi ikatoa mfululizo wa santuri kubwa ulioitwa Ukumbusho. Hapo unapata nyimbo kadhaa kwa mpigo.

Mbona Nairobi? Radio Tanzania ilizirekodi bendi zetu kwenye kanda, lakini nchini hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, hivyo zilichapwa Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983. Sasa unaelewa kwa nini sahani nzima ya Mbaraka si ya kuchezea.

Kabla ya kutoa pesa, jua kuna aina tatu:

- 78: nzito, ikidondoka inavunjika kama sahani ya chakula. Ndo ya gramafoni ya kuzungusha kwa mkono.
- 45: ndogo, upana inchi 7.
- 33: kubwa, inchi 12. Ukumbusho iko humu.

Namba hizo ni mizunguko kwa dakika. Na tafadhali, ile sindano ya chuma ya gramafoni usiiweke kamwe juu ya 45 au 33, itazichimba. Tafuta mashine ya umeme yenye sindano nyepesi.

Ukishika santuri, iinamishe kwenye mwanga wa jua. Mkwaruzo unaoonekana tu si tatizo sana, ila ukiusikia kwa ukucha, ujue sindano inaweza kuruka. Kisha ilaze juu ya kioo uone kama imepinda. Vumbi la 45 na 33 lioshe kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, usilowanishe karatasi ya katikati.

Huku kwetu adui mkubwa ni unyevu. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu hula majalada. Zisimamishe wima kama vitabu, mbali na ukuta wenye maji na mbali na joto la bati. Ukizilundika zitapinda.

Wapi pa kutafuta? Kabla ya sokoni, muulize babu au bibi, iwe Kashozi au Kamachumu. Usianze na bei. Kaa, msalimie, muulize alinunua wapi na nani alikuwa anacheza nyimbo hizo. Andika jibu lake, maana jalada halitakuambia hayo.

Na hapa ndo penye uzito, wadau. Mzee akifariki, mara nyingi santuri zake huonekana takataka, hutupwa pamoja na magazeti. Wimbo wa bendi kubwa unaweza kuwa umebaki kwenye kanda za redio, lakini santuri ya bendi ndogo au ya Kihaya ikitupwa, huenda ndo ilikuwa ya mwisho. Kwa hiyo Mbaraka ni mlango tu. Ukishajua kutunza sahani yake, utajua kuokoa na ile isiyojulikana iliyo chini ya kitanda cha babu.

Kazi kwenu. Mwenye Ukumbusho nyumbani atuambie ni namba ngapi!