"Gari Limechemsha": Neno la Fundi na Kalamu ya Mfasiri

Tuseme Land Rover kuukuu, ikitoka Lamadi kando ya Ziwa Viktoria kwenda Bariadi mkoani Simiyu, imesimama njiani huku mvuke ukifuka chini ya boneti. Fundi akiulizwa kisa, hujibu: "Gari limechemsha." Mwalimu wa sarufi atauliza mara moja: limechemsha nini? Kitenzi -chemsha hudai yambwa, na kinachochemka ni maji.

Sisi twaona fundi ana haki. Maji yaliyomo katika rejeta iliyofungwa huwa na kanieneo kubwa, hivyo yaweza kupita digrii 100 bila kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa ghafla, kanieneo hushuka, maji huchemka papo hapo na kumrukia afunguaye. Basi gari laweza kuwa limechemsha na maji yake hayajachemka. Laweza hata kuchemsha lisiwe na maji kabisa. Mfasiri aandikaye "maji yakichemka, ongeza mengine" amemwelekeza dereva aunguze uso wake, na pengine apasue kifuniko cha silinda, kwani chuma chenye moto mkali hakistahimili maji baridi. Na aandike: "Gari likichemsha, zima injini, ngoja ipoe."

Kwa neno kunoki hapana budi kuwa waangalifu zaidi. Asili yake ni Kiingereza, ambako hutaja mlio wa kugonga ndani ya injini. Kwa mafundi wetu, injini iliyonoki ni injini iliyokufa, mathalani iliyoendeshwa ikiwa imechemsha hadi pistoni zikakwama. Anayetafsiri mlio huo kwa "kunoki" humwambia msomaji kwamba injini imekwisha kufa, ilhali ingali yaweza kuokolewa.

Turudi njiani. Injini imepoa, fundi ameona mpira wa rejeta umepasuka. Ameukaza kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, akaongeza maji kidogo kidogo. Kazi hii yeye huiita kuungaunga, wala haiiti kutengeneza. Tofauti hiyo aghalabu hupotea ofisini: katika daftari la gari huandikwa "limetengenezwa", na dereva wa zamu inayofuata huondoka akiliamini. Yafaa iandikwe hasa lililofanyika: "Mpira wa rejeta umefungwa kwa tyubu, ubadilishwe Bariadi."