Tundu Moja, Kasi Mbalimbali

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo unalihusu pia jambo linaloonekana dogo machoni pa wengi, nalo ni lile tundu la ubavuni mwa kompyuta, ambamo huchomekwa waya wa diski, wa skrini au wa umeme. Ofisi za umma hununua kompyuta kwa fedha za wananchi. Je, wanaotia saini hati za ununuzi huo wanakijua wanachokinunua?

Tuchukue mfano wa tundu liitwalo Thunderbolt, jina lenye maana ya radi. Lilibuniwa na kampuni ya Intel kwa ushirikiano na Apple, likaingia sokoni mwaka 2011. Kizazi hicho cha kwanza kilikuwa na njia mbili, kila moja ikipitisha gigabiti 10 kwa sekunde. Mwaka 2013 kilifuata kizazi cha pili, ambacho kiliziunganisha njia hizo zikawa moja ya gigabiti 20.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 2015. Kizazi cha tatu kilifikia gigabiti 40, kikaliacha umbo la zamani na kuvaa umbo la USB-C, tundu lile dogo lionekanalo sasa hata katika simu za mkononi. Kizazi cha nne cha mwaka 2020 hakikuongeza kasi hiyo hata kidogo, bali kilikaza masharti: kompyuta sharti iweze kuendesha skrini mbili za 4K, na kebo za hadi mita 2 zibebe kasi yote. Kizazi cha tano, kilichotangazwa mwaka 2023, hupitisha gigabiti 80 kila upande, na panapohitajika skrini kubwa huweza kupeleka 120 upande mmoja, huku upande wa pili ukibakiwa na 40.

Hapa ndipo penye mtego. Tangu mwaka 2015 umbo la tundu halielezi tena uwezo wake. Sisi watu wa visiwani tunafahamu kwamba gati moja laweza kufungwa ngalawa leo na meli kesho. Anayelitazama gati peke yake hajui shehena iliyokuja. Vivyo hivyo, kebo nyingi za kuchajia zenye ncha ya USB-C hupitisha megabiti 480 tu kwa sekunde, kasi ya mwaka 2000. Kumbukumbu zenye ukubwa wa gigabaiti 100, kwa hesabu ya kasi ya waya peke yake, zitachukua kama dakika 28 kupita katika kebo hiyo. Katika kebo ya gigabiti 40 zitachukua sekunde 20. Kwa macho, kebo hizo mbili ni pacha.

Hata hivyo, hatusemi kwamba kila idara ikimbilie kizazi cha tano. Diski ya kawaida yenye sahani inayozunguka haifikishi hata gigabiti 5 kwa sekunde, na kasi hiyo imekuwamo katika USB 3.0 tangu mwaka 2008. Kuinunulia diski ya namna hiyo tundu la gigabiti 80 ni kujenga barabara pana kwa ajili ya mkokoteni. Kasi kubwa inawafaa wanaohariri filamu, wanaotumia diski zisizo na sahani zenye kasi kubwa, au wanaoendesha skrini kadhaa kwa waya mmoja.

Kwa hiyo, tunawanasihi maofisa wa ununuzi mambo matatu. Kwanza, hati ya kuagiza itaje kwa tarakimu kizazi, kasi na wati za umeme; isitaje umbo peke yake. Pili, kazi itakayofanywa itangulie kuelezwa kabla ya chombo kuchaguliwa. Tatu, mpokeaji wa bohari akague alama ya radi na nambari iliyo kwenye kebo kabla ya kuitilia saini.

Chombo kilichokwisha kuvuka bahari hakirudishwi bila gharama, na gharama hiyo hailipwi na muuzaji wala mtia saini, bali na mwananchi. Daftari likiandikwa vyema mwanzoni, hapatakuwa na haja ya majuto baadaye.