Shahada Hupangwa Kuanzia Mwisho



Jamaa moja ya mtaani mwetu ilijiandaa kwenda Nairobi kuhudhuria mahafali ya binti yao. Nauli za treni zilikwisha kulipwa, mabuibui mapya yalikwisha kushonwa, na nyanya yake, ambaye hakuwahi kuvuka Voi maishani mwake, alikuwa amefunga mkoba wiki nzima kabla ya safari. Siku tisa kabla ya mahafali, orodha ya wahitimu ikatolewa. Jina la binti halikuwamo.

Binti huyu hakufeli. Alifaulu kila mtihani aliokalia katika miaka minne ya Shahada ya Masomo ya Kimataifa. Zilizokosekana ni kozi mbili za lugha ya kigeni. Yeye alisoma Kiarabu madrasa tangu utotoni, na wenziwe walimwambia kwamba mwenye kuijua lugha husamehewa kozi hizo. Kumbe msamaha hutolewa baada ya mtihani wa kupima kiwango, unaofanywa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na matokeo yake huandikwa katika faili. Hakuna aliyemwambia habari ya mtihani, wala yeye hakuuliza. Kozi ya pili ya lugha haikufundishwa ila katika muhula wa Januari. Ikambidi angojee mwaka mzima, alipe ada, alipe na kodi ya chumba, kwa ajili ya kozi mbili tu.

Jamaa hii imeturuhusu tulisimulie jambo lao bila ya majina, ili wengine wafaidike. Katika kuzungumza nao, na wazazi wengine waliopitia njia hiyo, tumejifunza jambo moja ambalo tungependa kila nyumba yenye mtoto anayeingia chuo kikuu ilijue: shahada hupangwa kuanzia mwisho wake, nayo hupangwa kwa maandishi.

Masomo yenyewe ni yapi

Masomo ya Kimataifa, ambayo vyuo vingine huyaita Uhusiano wa Kimataifa, ni mkusanyiko wa siasa, historia, uchumi, sheria na lugha, unaoelekezwa katika swali moja: mataifa huishije pamoja? Hapa nchini hufundishwa katika vyuo kadhaa, kikiwamo Chuo Kikuu cha Nairobi na chuo cha USIU-Africa. Mwanafunzi huhitaji wastani usiopungua C+ katika mtihani wa KCSE ili asome shahada, pamoja na alama nzuri katika masomo ambayo kila chuo huyataja kwa programu yake.

Kwa mtoto wa Pwani, masomo haya hayako mbali na nyumbani. Akisoma sheria ya bahari, atakutana na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1982, na hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya tarehe 12 Oktoba 2021 kuhusu mpaka wa bahari baina ya Somalia na Kenya, ambayo iligusa maji yaliyo mbele ya Lamu. Akisoma historia ya diplomasia, atayakuta mapatano ya Oktoba 1963 ambayo kwayo ukanda wa Mwambao ulitoka katika milki ya Sultani wa Zanzibar ukawa sehemu ya Kenya. Akisoma biashara ya kimataifa, atarudi kwenye bandari yetu ya Mombasa, ambayo shehena zake huenda hadi Uganda, Rwanda na Sudan Kusini.

Lakini utajiri huo ndio unaoleta ugumu wa kupanga. Kozi za uchumi hutoka idara ya uchumi, za lugha hutoka idara ya lugha, na za sheria pengine hutoka kitivo kingine kabisa. Kila idara ina ratiba yake na masharti yake. Jukumu la kuziunganisha humwangukia mwanafunzi mwenyewe.

Vikapu vinne

Tuliposoma miongozo ya programu hizi, tuliona kwamba masharti yake huweza kugawanywa katika vikapu vinne. Cha kwanza ni kozi za jumla za chuo, zinazomlazimu kila mwanafunzi bila ya kujali fani yake, kama stadi za mawasiliano na kompyuta. Cha pili ni kozi za lazima za fani yenyewe: utangulizi wa uhusiano wa kimataifa, nadharia, sheria ya kimataifa, siasa ya nchi za nje, uchumi wa kimataifa na mbinu za utafiti. Cha tatu ni lugha. Cha nne ni kozi za hiari, ambazo mwanafunzi huzichagua kulingana na njia anayoikusudia.

Mwanafunzi asiyetazama vikapu vyote hujaza kimoja hadi kikafurika na kuacha kingine kitupu. Kozi za ziada katika kikapu cha hiari hazifidii upungufu katika kikapu cha lugha, hata kama alama zake ni za juu namna gani.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuchukue vyuo vinavyofuata mfumo wa Marekani, ambako shahada ya miaka minne kwa kawaida huhitaji krediti 120, na kozi moja huwa na krediti 3. Hizo ni kozi 40. Zikigawanywa kwa mihula minane, ni kozi tano kila muhula. Mwanafunzi akipunguza kozi moja kila muhula katika miaka miwili ya mwanzo, huwa ameacha kozi nne nyuma, karibu muhula mzima. Deni hilo halimsumbui mwaka wa pili. Humsumbua mwaka wa nne.

Kutoka mwisho kurudi mwanzo

Chukueni karatasi kubwa, muigawe visanduku vinane, kila kisanduku muhula mmoja. Msianze na kisanduku cha kwanza. Anzeni na cha nane.

Katika muhula wa nane mwanafunzi huandika mradi wake wa utafiti. Ili aruhusiwe, ni lazima awe amepita mbinu za utafiti. Iandikeni katika muhula wa sita, ili muhula wa saba uwe akiba endapo itatokea dharura. Pale ambapo mbinu za utafiti hutanguliwa na takwimu, takwimu iingie mwaka wa pili. Nadharia za uhusiano wa kimataifa hutanguliwa na utangulizi, basi utangulizi uwe mwaka wa kwanza. Kozi inayofungua mlango wa nyingine huitwa kozi tangulizi, na ndiyo inayostahili kupewa nafasi mbele ya zote.

Kisha ulizeni kila kozi hufundishwa lini. Ipo inayofundishwa kila muhula, na ipo inayofundishwa mara moja kwa mwaka. Hiyo ya pili itieni alama nyekundu. Ukiikosa mara moja, umeikosa mwaka mzima, na kila kozi iliyo nyuma yake husogea pamoja nayo.

Kiarabu cha madrasa ni hazina

Lugha hujengwa ngazi kwa ngazi, wala mtu hawezi kusoma ngazi ya kwanza na ya pili katika muhula mmoja. Kwa hiyo ianzwe mapema, katika mwaka wa kwanza.

Na hapa watoto wetu wana neema ambayo mara nyingi hatuihesabu. Kiarabu ni miongoni mwa lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, pamoja na Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kihispania. Kiswahili nacho kilikubaliwa kuwa lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika mnamo Februari 2022. Mtoto aliyelelewa Mombasa, Malindi au Lamu aweza kuingia chuoni akiwa na mizizi ya lugha mbili ambazo wenziwe watazianza kwa herufi.

Hata hivyo, kuisoma Qur'ani kwa ufasaha si sawa na kuandika barua ya kidiplomasia kwa Kiarabu, na chuo hupima hilo la pili. Binti wetu aulize wiki ya kwanza: je, upo mtihani wa kupima kiwango? Akifaulu, je, hupewa krediti, au husamehewa kozi na kutakiwa ajaze nafasi yake kwa kozi nyingine? Kisha aombe jibu hilo kwa barua, na nakala ibaki nyumbani.

Kozi za hiari zielekee mahali

Balozi Amina Mohamed alisomea sheria mjini Kyiv, kisha akachukua stashahada ya uhusiano wa kimataifa Oxford. Mwaka 2005 alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Baraza Kuu la Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 2013 akawa Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya. Tunalitaja hilo kwa sababu mkutano wa biashara humhitaji mtu anayeijua sheria ya biashara, na elimu ya jumla pekee haitoshi. Kozi za hiari ndizo zinazompa mwanafunzi umahiri wa namna hiyo. Anayekusudia kazi ya bandari na forodha achague uchumi na usafirishaji. Anayekusudia kuwahudumia wakimbizi achague haki za binadamu na sheria ya kibinadamu. Akiziokota kwa kuwa ni nyepesi au saa zake ni nzuri, atahitimu, lakini hatakuwa na la kumwambia mwajiri.

Yaliyo mikononi mwa nyumba

Yapo mambo ambayo mwanafunzi hawezi kuyapanga peke yake. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Katika miaka minne husogea zaidi ya mwezi mmoja. Tazameni ni muhula gani utaangukia mitihani, ili kozi nzito zisikusanywe hapo.

La pili ni harusi na uzazi. Hizo ni heri, na hatusemi zicheleweshwe kwa ajili ya ratiba. Tunasema jamaa zote mbili zioneshwe ile karatasi kabla ya kupanga tarehe. Ikibidi kupumzika muhula, binti aombe ruhusa ya kuahirisha masomo kwa maandishi, asiondoke kimya. Na ajue kwamba kuacha muhula mmoja wenye kozi ya alama nyekundu ni kuacha mwaka.

La tatu ni fedha. Mkopo na ufadhili mara nyingi hupangiwa miaka ya kawaida ya programu. Muhula wa ziada huweza kulipwa na mfuko wa mzazi, na tunazijua nyumba ambazo bangili za mama ndizo zilizoulipa.

Kila mwisho wa mwaka, mwanafunzi akutane na mshauri wake wa masomo akiwa na karatasi yake mkononi, ailinganishe na kumbukumbu za idara, na aulize swali moja: "Kwa kumbukumbu zenu, nimebakiwa na nini?" Kisha awasomee wazazi jibu hilo, hata kama hawakusoma chuo. Mama asiyejua nadharia yoyote ya siasa aweza kuona kwamba kisanduku ki kitupu.

Binti yule alihitimu mwaka uliofuata, na nyanya alisafiri na mkoba uleule. Sasa mdogo wake anasubiri kuingia chuo. Karatasi yake ya visanduku vinane imebandikwa ukutani, karibu na kalenda. Kisanduku cha nane ndicho kilichojazwa kwanza.