Uchungu wa Mwarobaini Umekaa Wapi?

Mwezi uliopita mzee mmoja kutoka upande wa Lungalunga aliingia ofisini kwetu na chupa ya maji ya kijani. Aliinunua kwa mchuuzi, kwa bei isiyo ndogo, akaambiwa ni dawa ya mwarobaini ya kumaliza kila mdudu wa shambani. Alinyunyizia kunde zake mara mbili, na vidukari wakaendelea kufyonza kana kwamba hakuna lililotokea. Akaniuliza, "Mwanangu, humu mna dawa au mna majani tu?"

Sikuweza kumjibu kwa kuitazama ile chupa. Rangi ya kijani si ushahidi, maana hata majani ya muhogo yakipondwa hutoa maji ya kijani. Uchungu nao si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa mwarobaini una vitu vichungu vingi, na si vyote vinavyomsumbua mdudu. Basi nimeona niwaeleze wakulima wenzangu jinsi wataalamu wanavyotambua kilichomo ndani ya jani, kwa sababu mti huu, ambao wengine huuita mkilifi, umesimama karibu kila ua kutoka Diani hadi Msambweni.

Jani moja si kitu kimoja. Ndani yake mna mamia ya vitu vilivyochanganyika, na kazi ya kwanza ni kuvitenganisha. Nilipokuwa katika mafunzo ya ualimu tulionyeshwa jambo hili kwa wino, na hata nyumbani mnaweza kulifanya pamoja na watoto. Kata ukanda wa karatasi inayonyonya maji. Weka nukta ya wino mweusi wa kalamu juu kidogo ya ncha ya chini, kisha uning'inize ukanda ule, ncha yake iguse maji lakini nukta isizame. Maji yatapanda, na wino uliouona mweusi utaachana: buluu huku, wekundu kule, pengine na manjano. Rangi inayoshikamana na karatasi hubaki nyuma, na ile inayopenda maji husafiri mbali. (Kuna kalamu ambazo wino wake haukubali maji. Ukiona hausogei, jaribu kalamu nyingine.)

Mtaalamu wa kemia hufanya vivyo hivyo. Huyakausha majani kivulini, huyasaga, huyaloweka katika spiriti, kisha tone la maji yale huliweka juu ya kibao cha kioo kilichopakwa unga mweupe mwembamba. Vitu hupanda na kuachana. Visivyo na rangi huonekana kwa taa maalumu, au kwa kunyunyiziwa dawa inayovigeuza rangi. Kwa njia za namna hii imejulikana kwamba jani la mwarobaini lina kwesetini, ambayo imo pia katika vitunguu tunavyokaanga kila siku, na nimbolidi, ambayo ni chungu sana.

Lakini kutenganisha si kujua kazi ya kila kitu. Hapo huitwa hakimu, na hakimu ni mdudu mwenyewe. Mwaka 1959 Heinrich Schmutterer, mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, alikuwa Sudan nzige walipovamia. Walikula majani ya miti mingine yote, mwarobaini wakauacha. Mwaka 1968 wanakemia wawili wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, J. H. Butterworth na E. D. Morgan, waliyatenganisha maji ya mbegu za mwarobaini fungu kwa fungu, na kila fungu wakawapa nzige wa jangwani. Fungu walilolila, liliwekwa kando. Fungu walilolikataa, liligawanywa tena, hadi kikabaki kitu kimoja, nao wakakiita azadiraktini.

Kujua kitu hicho kimejengwa namna gani kulichukua muda zaidi. Chembe yake moja ina kaboni 35, hidrojeni 44 na oksijeni 16, nazo zimefungamana kwa mafundo magumu. Umbo lake lilithibitika mwaka 1985. Kukiunda upya maabarani kuliwashinda watu hadi mwaka 2007, kundi la Steven Ley wa Cambridge lilipofaulu baada ya miaka 22 ya kazi. Mti wa uani kwako hukiunda bila kelele.

Msidhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Kituo cha utafiti wa wadudu kinachoitwa ICIPE, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimefanya kazi ya namna hiyo hiyo. Wanakemia wa Kijapani Isao Kubo na Koji Nakanishi, walioshirikiana na kituo hicho, walitumia viwavijeshi kuwa mahakimu. Walipaka vipande vya jani la mhindi maji ya gamba la mti ambao Wakikuyu huuita muthiga, wakaona viwavi wanakataa kula. Kitu walichokipata kilitangazwa mwaka 1976.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Kuna mambo matatu ambayo muuzaji hakumwambia. Azadiraktini ni nyingi katika mbegu kuliko katika majani. Jua kali huivunja upesi. Tena haiui papo hapo: humfanya mdudu asile vizuri, na buu ashindwe kujivua ngozi ili akue. Mimi mwenyewe niliwahi kunyunyizia maji ya majani saa sita mchana, na kesho yake nikatangaza kwamba mwarobaini ni uongo. Uongo ulikuwa wangu.

Anayetaka kujaribu achukue mbegu zilizokaushwa kivulini zisizo na ukungu, azimenye, atwange kiini, na kila gramu 50 aziloweke katika lita moja ya maji usiku kucha. Achuje kwa kitambaa, atie sabuni kidogo ili maji yashike majani, kisha anyunyizie jioni siku hiyo hiyo. Asiweke akiba, kwa maana maji hayo huharibika. Aanze na mistari michache ya kunde na kuacha mingine bila dawa, apate kulinganisha.

Jambo moja lisipuuzwe. Kwa kuwa kitu kinatoka mtini, wengine hudhani hakiwezi kudhuru. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia walieleza habari za watoto wadogo waliopewa mafuta ya mwarobaini kuwa dawa, wakatapika, wakasinzia na kushikwa na degedege. Mtoto asinyweshwe mafuta hayo, na mwenye homa apelekwe hospitali akapimwe malaria.

Mzee aliandika kipimo cha gramu 50 nyuma ya bahasha, akaniambia kwake iko miarobaini miwili, na watoto hukanyaga mbegu zake kila siku wakienda shule. Chupa aliniachia. Ipo juu ya kabati la majalada, na maji yake sasa yamekuwa rangi ya chai.