Usiniulize Tena Simu ya Kumnunulia Mtoto

Swali huja hivi: "Mwalimu, wakifunga shule tena kama wakati wa korona, nimnunulie mtoto simu gani asiachwe nyuma?" Nimeulizwa sokoni Keroka, nimeulizwa ndani ya matatu ya Nyamira, nimeulizwa hata matangani, jeneza likiwa bado halijateremshwa. Mei 2024, mafuriko yalipochelewesha muhula wa pili kwa wiki mbili, lilikuja kwa wingi. Agosti mwaka huohuo walimu wa sekondari walipogoma, likarudi. Anayeuliza huwa ameshaweka akiba na anasubiri nimtajie jina la simu tu.

Simtajii. Hakuna simu ya kununua. Na kwa kuwa jibu hilo huwaudhi watu, nalieleza hapa mara moja, kwa kirefu, ili nipumzike.

Imani iliyozaa swali hili inasema kwamba mwaka 2020 watoto wetu wa Kisii na Nyamira walipotelea nyumbani kwa kukosa vifaa, na kwamba wenye vifaa waliendelea kusoma. Sehemu ya kwanza ina ukweli kidogo. Sehemu ya pili ni hadithi, na hadithi hiyo imewauzia watu simu nyingi.

Tuanze na huo ukweli kidogo. Sensa ya Agosti 2019, miezi saba kabla ya shule kufungwa, ilikuta kwamba kati ya kaya 100 nchini, 57 hivi zilikuwa na redio, 41 runinga, 18 intaneti, na hazikufika 9 zilizokuwa na kompyuta au tableti. Hiyo ni Kenya nzima, Nairobi na Mombasa zikiwemo. Hali ya vijijini kwetu, Nyacheki na Magombo, mnaijua wenyewe. Shirika la Usawa Agenda lilipochunguza mwaka 2020 liliona kwamba watoto wapatao 22 tu kati ya 100 ndio waliokuwa wakiyafikia masomo ya kidijitali. Kwa hiyo ndiyo, vifaa vilikuwa haba.

Sasa wengi wakishasikia takwimu hizo hukimbilia kusema: basi tuleteeni vifaa. Tulishaletewa. Tableti zilizoahidiwa kwenye kampeni za 2013 zilianza kusambazwa shuleni 2016, zikilenga darasa la kwanza. Zilipohitajika kweli, shule zikiwa zimefungwa, zilikuwa stoo. Zilikuwa mali ya shule, na hakuna mwalimu mkuu ambaye angemkabidhi mtoto aende nazo nyumbani.

Tukaletewa na intaneti ya angani. Julai 2020 kampuni ya Loon, iliyokuwa chini ya wenye Google, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilianza kurusha intaneti ya 4G kutoka kwenye maputo yaliyoelea kilomita 20 hivi juu ya ardhi. Eneo lililolengwa lilikaribia kilomita mraba 50,000, na Kisii ilikuwa ndani yake. Wengi hawakujua kamwe, kwa sababu ili uinase ulihitaji laini ya Telkom na simu yenye 4G. Mama wa Marani mwenye kabambe, simu ya vitufe, na laini ya kampuni nyingine hangeona tofauti hata puto lingesimama juu ya paa lake. Januari 2021 kampuni ikatangaza kwamba inafungwa, na Machi huduma ikakatika.

Halafu kuna hesabu ya bando, ambayo hakuna anayeifanya dukani. Somo la video la nusu saa hula kiasi cha MB 200. Masomo matano kwa siku ni gigabaiti nzima. Zidisha kwa siku tano za wiki, kisha zidisha kwa watoto watatu, maana nyumba yenye mtoto mmoja wa shule kwetu ni nadra. Pesa hiyo ilitakiwa itoke kwa mtu ambaye soko lake lilikuwa limefungwa kwa amri ya serikali.

Lakini tuseme simu ipo na bando lipo. Twende ndani ya simu yenyewe, tuone masomo yalivyokwenda.

Saa mbili asubuhi mwalimu wa Hisabati anatuma PDF ya kurasa 14 kwenye grupu ya WhatsApp ya wazazi. Simu ni ya baba, na baba yuko steji na pikipiki yake. Anarudi saa mbili usiku, betri imebaki asilimia sita. Mtoto ananakili maswali haraka haraka kabla ya simu kuzimika. Kesho yake anayafanya kwenye daftari, na jioni baba anapiga picha ya ukurasa. Nusu imefunikwa na kivuli cha mkono. Picha inaingia kwenye grupu katikati ya rambirambi, "Amina" ishirini, orodha ya mchango wa harusi na tangazo la miche ya parachichi. Mwalimu, ambaye amepokea picha kama hizo kutoka kwa watoto arobaini, anaweka kidole gumba na kuandika "Kazi nzuri". Mtoto amekosa maswali sita kati ya kumi. Hajui ni yapi.

Hapo ndipo ualimu ulipokatika, na kukatika kwenyewe hakuna uhusiano na ukubwa wa kioo cha simu. Mtoto hujifunza pale kosa lake linapomrudia likiwa limeonyeshwa na kuelezwa, na pale anapojua kwamba kesho mtu atauliza kama amelirekebisha. Ukiondoa hayo mawili, hata umpe kompyuta ya laki moja, umempa kitu cha kuchezea.

Wauzaji wa dawa bandia nao hawakuchelewa. Wapo waliouza na wanaoendelea kuuza mitihani ya zamani kwa WhatsApp, pamoja na majibu yake, kwa jina la marudio. Mtoto wa miaka 13 asiyeelewa kujumlisha sehemu zenye asili tofauti hafundishwi na karatasi yenye majibu. Hufundishwa kunakili, na hilo alikuwa analiweza tayari. Mzazi akiona kurasa zimejaa tiki hufurahi. Mimi huona karatasi iliyopotea.

Atakayesema natoa maoni tu, asome kilichofanyika Botswana. Mwaka 2020 watafiti walizigawa familia zipatazo 4,500: kundi moja likapokea SMS za maswali ya hesabu kila wiki, jingine likapokea SMS hizo na kupigiwa simu kwa dakika 15 hadi 20, mzazi na mtoto wakisikiliza pamoja, na kundi la tatu likaachwa bila kitu. Waliopata SMS pekee hawakuonyesha nafuu ya maana. Waliopigiwa simu walipanda katika hesabu. Hapa Kenya walimu wa shule za kibinafsi nao waliwapigia wanafunzi wao wa msingi, wakiwemo wa darasa la 5 na la 6, na alama za hao hazikupanda. Kwa hiyo msinisingizie kwamba nimesema kupiga simu ni dawa ya kila ugonjwa. Nasema kwamba hata pale kulipofaa, kulipita vizuri kabisa kwenye simu ya mulika mwizi.

Na tujue ni nani tunayemzungumzia. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule Machi 15, 2020. Oktoba 12 walirudi Gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4. Watoto wa katikati, yaani darasa la 5, la 6 na la 7, walikaa nyumbani hadi Januari 4, 2021. Hiyo ni miezi tisa na nusu katika umri wa miaka 11 hadi 14, umri ambao mtoto ana nguvu za kutosha kutafutiwa kazi na bado hana sauti ya kuikataa. Huku kwetu kazi haitafutwi mbali: majani chai hulipwa kwa kilo, matofali huchomwa kando ya barabara, mawe ya Tabaka yanahitaji mikono ya kusugua. Julai 7 Profesa George Magoha, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alipotangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umefutika, familia nyingi zilielewa hivi: hakuna mtu anayemsubiri mtoto huyu na daftari lake hadi mwaka ujao. Alipoingia shambani Agosti, aliingia kama mfanyakazi. Wasichana wengine wakapata mimba. Simu ya kugusa ingezuia lipi hapo?

Kilichowapotea ni kutazamiwa. Shule ikiwa wazi, mtoto asipofika Jumatatu kuna mtu anauliza. Mwaka 2020 hakuna aliyeuliza, na shule nyingi hazingeweza kuuliza hata zingetaka, kwa sababu namba za wazazi zilikuwa kwenye fomu za zamani ndani ya ofisi iliyofungwa.

Na hili linaniudhi zaidi kuliko yote, kwa sababu sisi ndio tulikuwa na nafasi bora kuliko karibu kila mtu. Sensa hiyohiyo ya 2019 iliikuta Kisii na watu 957 katika kila kilomita mraba na Nyamira 675, wakati wastani wa nchi ulikuwa 82. Mwalimu wa shule ya msingi kwetu mara nyingi hukaa kilima kimoja na wanafunzi wake, au kile cha pili. Mwenzake wa Turkana angehitaji gari. Wetu alihitaji gambuti. Wizara ya Elimu na tume ya walimu, TSC, walikuja kuliona hilo na kubuni masomo ya kijamii, ambapo mwalimu angewakusanya watoto wachache wa mtaa wake. Wazo zuri, ila lilikuja miezi mitano baada ya shule kufungwa, likapingwa mahakamani, na shule zikaanza kufunguliwa kabla halijashika kasi.

Wapo ambao hawakusubiri waraka. Mwalimu mmoja upande wa Kebirigo alitumia kituo cha kupimia majani chai, kwa sababu siku za kuchuma kila familia hupita pale. Jumatatu aliacha gunia la madaftari kwa karani wa mizani, kila daftari likiwa na maswali manane yaliyoandikwa kwa mkono. Alhamisi aliyachukua, akayaacha siku mbili yapoteze virusi, akayasahihisha kwa kalamu nyekundu, na Jumatatu yakarudi. Daftari lisiporudi, alijua mlango wa kubisha. Gharama yake ilikuwa wino.

Basi, ya kufanya ni haya, na yote yanawezekana muhula huu.

Shule: kila mwanafunzi awe na namba mbili, ya mzazi na ya jirani, na jina la mzee wa mtaa. Zihakikishwe kila muhula, maana watu hubadilisha laini. Gawa watoto kwa kilima badala ya somo: kila mwalimu awe na watoto kumi na tano hadi ishirini walio karibu naye, simu moja ya dakika kumi kwa kila mtoto kwa wiki, swali moja la kazi na moja la hali ya nyumbani. Vitabu vya serikali, vinavyoletwa tangu 2018 kwa shabaha ya kitabu kimoja kwa kila mwanafunzi, vitoke stoo siku shule inapofungwa, mzazi atie sahihi. Chagueni mahali pa kuacha na kuchukua madaftari: kituo cha chai, kinu cha kusaga, kanisa. Siku ya kurudisha isibadilike. Grupu ya WhatsApp ibaki ya matangazo. Kama lazima ifundishe, tuma sauti ya dakika mbili, ambayo hula bando kidogo tu.

Mzazi: redio. Taasisi ya mitaala, KICD, ilirusha masomo kupitia Radio Taifa ya KBC kwa ratiba, bila bando. Lakini redio bila mtu wa kuuliza "wamesema nini?" ni kelele tu, na swali hilo halihitaji uwe umesoma. Kama mtoto analazimika kuchuma chai, achume asubuhi, na alasiri iwe ya daftari. Msifanye siri, mwambieni mwalimu. Waunganishe watoto watatu wa njia moja wafanye kazi pamoja. Mtoto asiyesikia hatafikiwa na redio, wala asiyeona na karatasi. Huyo atembelewe, hakuna njia ya mkato.

Serikali: nauli na muda wa maongezi kwa walimu, kabla ya tableti nyingine yoyote.

Waliokuwa Gredi ya 4 mwaka 2020 ndio waliofungua sekondari msingi (JSS) Januari 2023 na kufanya mtihani wake wa mwisho, KJSEA, wa kwanza mwaka 2025. Nyuma yao wamekuja wengine ambao hawaikumbuki korona, katika shule ambazo nyingi bado hazina orodha ya namba inayoaminika. Mwalimu mkuu anayesoma hapa achukue rejista ya Gredi ya 7 leo mchana, achague majina kumi bila kupanga, apige simu kwa kila mzazi. Zikipatikana chini ya nane, shule yake haijajiandaa kufungwa hata kwa wiki moja, na hakuna duka la simu mjini Kisii litakaloitengenezea hilo.