Vumbi la Voi na Nuru ya Kale

Usiku wa kiangazi, pale Voi barabara ya Taveta inapoachana na ile ya Mombasa, vumbi jekundu huwa hulioni. Lori likitokea huko mbele na taa zake kali, ndipo unajua hewa yote imejaa.

Wanaastronomia hutumia ujanja huohuo. Taa yao ni nuru kongwe kuliko zote, mnururisho wa mikrowevu ulioanza safari ulimwengu ukiwa na umri wa miaka kama 380,000. Leo nuru hiyo imepoa hadi nyuzi 2.7 juu ya sifuri halisi. Ulimwengu ule ulikuwa laini kama uji uliokorogwa vizuri; tofauti za joto ni sehemu moja kwa laki. Mabonge yalikuja baadaye, mvutano ulipokusanya maada hadi vikatokea vishada vya mamia ya galaksi.

Vumbi lenyewe ni gesi iliyojaa vishadani, yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Na hapa Pwani turuhusiwe kujisifu kidogo. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa na setilaiti iliyoitwa Uhuru. Obiti yake iliambaa ikweta, kwa hiyo kila baada ya saa moja na nusu hivi ilikatiza anga letu, ndovu wa Tsavo wakijilia majani. Iligundua kuwa vishada hutoa eksirei. Baadaye ikathibitika chanzo ni gesi hiyo.

Miaka hiyohiyo Sunyaev na Zeldovich, wa Muungano wa Kisovieti, walionyesha kwamba elektroni za gesi hiyo huigonga nuru ya kale na kuiongezea nishati, ikahamia mawimbi mafupi, hata kwenye darubini ya mawimbi marefu kishada kikaonekana kama kivuli. Kivuli hicho hakififii kwa umbali, na kuona mbali ni kuona zamani. Hesabu vishada vya kila enzi, utajua mabonge yalikua kwa kasi gani. Setilaiti ya Planck iliorodhesha vyanzo 1,653 vinavyodhaniwa kuwa vishada, na idadi ya vishada ikaonekana pungufu kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya darubini ya Atacama, Chile, iliyopima jinsi maada inavyoipinda nuru ya kale, yakaonyesha ukuaji uko sawa na matarajio. Mimi naona kosa liko kwenye kukadiria uzito wa vishada, lakini ubishi haujaisha.

Mbona darubini kama hiyo isijengwe hapa kwetu, kwenye kilele cha Vuria katika Milima ya Taita, mita 2,208 juu ya bahari? Mvuke wa maji humeza mikrowevu, na ukungu unaostawisha kabichi za Wundanyi haupungui. Zamu yetu ilikuwa San Marco, na roketi ya mwisho iliruka pale mwaka 1988.